Funguo za Wanawake wa Madrid

Madrid, 2 Machi 1623

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kifua kimepoa na baba hajambo. Sisi wazima, ila nyumbani kunawaka moto: Baltasar hataki kutia saini. Sheria unaijua, mwanamke hapandi jukwaani bila mume, tena mume amruhusu mbele ya karani. Vikundi vya michezo ya kuigiza vinapangwa Kwaresima hii. Pasaka ikinikuta bila saini, basi tena, nitafuga nguruwe kwao Illescas. Eti amechoka kuitwa "mume wa Jusepa". Ala! Kwani hilo ni tusi? Nampenda, mama, lakini jukwaa siachi.

Mwanao,
Jusepa

Talavera, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, magoti ndiyo yananitesa. Baba yako ni yule yule, anakohoa na kuamrisha. Mume ni mume, Jusepa. Mimi tangu niolewe sijavuka daraja la hapa bila ruhusa yake, na je, nimekufa? Kafuge nguruwe. Ila niambie, wanawake wa huko wanasemaje?

Mama yako,
Quiteria

Madrid, 28 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Wanawake hawasemi, wanatikisa! Kule kwenye roshani yao ukumbini, mchezo ukiwaudhi hutikisa funguo za nyumba mpaka mchezaji akimbie. Sasa wamemgeukia Baltasar. Akienda kununua samaki, funguo. Akipiga goti kanisani, funguo! Sikuwatuma, naapa. Jana karudi mikono mitupu, akaniuliza, "Hivi hawa watanisamehe lini?"

"Wakifa," nikamwambia.

Akacheka mpaka machozi. Leo ametia saini, nami nimemwambia karani asiandike ruhusa ya mwaka, aandike ya ndoa nzima. Jumatatu ya Pasaka nacheza mke anayemtoroka mumewe.

Mwanao,
Jusepa

Talavera, 8 Aprili

Mwanangu,

Magoti hayajambo, yatanifikisha. Nakuja Pasaka na mkokoteni wa wafinyanzi. Baba yako kauliza, "Kwa ruhusa ya nani?" Nimemwonyesha chungu cha dengu, nikaendelea kufunga mizigo. Daraja nitalivuka hivyo hivyo. Funguo za nyumba nazichukua zote. Akitoka, atanisubiri mlangoni.

Niwekee nafasi ya mbele. Wala usidhani nitakuonea haya kwa kuwa nimekuzaa. Ukicheza vibaya, nitazitikisa.

Mama yako,
Quiteria