Kopo la Bashi Chanda

Nchelenge, Jumanne usiku, 1957

Mashua ya kioo! Sasa mutu atapandaje juu ya kioo avuke mpaka kisiwa cha Kilwa, huku ziwani kwetu?

Mume wangu, Bashi Chanda, ndiyo kusema baba wa mutoto wetu Chanda, ametengeneza mashua za mbao miaka mingi. Mwaka huu muzungu wake ameacha mbao. Wanapaka gundi ya harufu kali juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, inakauka, inakuwa mashua isiyo na mshono. Ya kwanza imekwisha, na kesho yeye ndiye wa kuitwekea tanga.

Wakati wa kula nikamuuliza, "Na kopo lako la kutolea maji?"

Akacheka. "Bana Chanda, mama wa mutoto wangu, maji yapite wapi? Haina hata tundu la musumari. Kopo lile nyweshea kuku!"

Nikacheka naye, lakini nikawaza mashua ya kesho. Ubao ukivunjika unaelea, mutu anaushika. Kioo kinazama.

Alipoenda kuoga nikasema nimfichie kopo ndani ya kikapu cha safari. Halikuwa mahali pake. Nikafungua kikapu: limo, chini kabisa, amelizungushia shati.

Ee Bwana Yesu, kumbe naye anaogopa.

Nimerudisha shati vile lilivyokuwa. Asubuhi nitacheka tena, asijue.