Inatosha, Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Kifungo cha tatu cha shati kimenishinda tena. Mke wangu, Mama Neema, amekifunga, kisha akanipa chai katika kikombe cha plastiki. Vya udongo vimekwisha. Nimeviangusha vyote.

Shingo haiumi sana, na hilo ndilo linalonitatiza: maumivu madogo, hasara kubwa. Vidole vimekufa ganzi. Nikitia mkono mfukoni sitofautishi ufunguo na sarafu. Nimefundisha fizikia kwa chaki na mkono huu wa kulia hadi kustaafu. Ninaogopa kuupoteza. Naiandika sentensi hiyo wazi ili nisijifiche nyuma ya nyingine.

Kesho hospitali ya Kilosa. Eksirei ya shingo.

Jumanne, 4 Machi

Gari la jirani. Kila shimo la barabara limejibiwa na bega la kushoto. Njiani, pale Tindiga, mpunga umesimama vizuri, nimeambiwa. Sikuweza kugeuza kichwa kuutazama.

Picha nne. Ya mbele na ya ubavu huonyesha kama pingili za shingo zimepangana sawasawa. Mbili za mwisho nazo ni za ubavu, moja kichwa kikiwa kimeinamishwa, nyingine kikiwa kimerudishwa nyuma. Hizo huonyesha kama pingili husogea pamoja shingo inapokunjwa, au ipo inayoteleza. Mantiki safi. Imenipendeza.

Mpiga picha ni Rehema, niliyemfundisha hapa Mikumi hadi kidato cha nne. Amepiga goti mbele ya wagonjwa wote: shikamoo, Mwalimu. Nimeona fahari. Ameniongoza akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Inama kidogo, Mwalimu."

Nikainamisha kichwa kama ninavyomsalimu kasisi.

"Inatosha, Mwalimu. Usijisumbue."

Ijumaa, 7 Machi

Daktari wa Kilosa amepiga simu. Pingili zimepangana, hakuna inayosogea isivyopaswa. Ni umri. Ameagiza mazoezi: kuinamisha kichwa hadi mwisho, kukirudisha nyuma hadi mwisho, asubuhi na jioni.

Faraja ilidumu hadi chakula cha mchana.

"Kama shingo ni nzima, mbona vikombe vinavunjika?" ameuliza Mama Neema.

Nimemjibu kwamba ni umri. Akasema yeye naye ana umri, na bado anafunga vifungo vya watu wawili.

Jumapili, 16 Machi

Mazoezi nimeyafanya kwa ukamilifu, kama ninavyofanya kila kitu. Leo kanisani, wakati wa sala, nimeinama, na umeme ukapita kutoka kisogoni hadi nyayoni. Kitabu cha nyimbo kimeanguka. Waumini wamedhani nimezidiwa na Roho.

Sikuzidiwa na kitu. Nilikuwa mtupu kabisa.

Ijumaa, 21 Machi

Umeme tena. Kila ninapoinama.

Mazoezi nimeendelea nayo. Daktari alisema.

Alhamisi, 27 Machi

Miguu nayo. Nikitembea ni kama naichomoa kwenye tope, hata sakafuni.

Mwandiko huu ni wa mtoto wa chekechea. Nautazama na kuuchukia.

Mchana nimezitoa zile filamu za eksirei na kuziegemeza kwenye kioo cha dirisha. Nimeiweka picha ya kichwa kilichoinama juu ya picha ya kichwa kilichonyooka. Zimelingana. Taya juu ya taya, pingili juu ya pingili, tofauti ni upana wa ukucha tu. Hakuna aliyeinama katika picha ile.

Ningemnyima alama mwanafunzi yeyote aliyeniletea jaribio kama hilo. Kitu ambacho hakikusogezwa hakiwezi kuthibitisha lolote kuhusu kusogea kwake. Rehema alijua kazi yake. Hakuweza tu kumwamuru mwalimu wake akunje shingo. Nami nilipokea heshima ile kama haki yangu, nikaondoka nikitabasamu.

Nina hasira, na haina pa kwenda.

Jumanne, 1 Aprili

Kilosa tena. Daktari ameziweka filamu pamoja kama nilivyomwonyesha, kisha akanipima mikono na miguu, jambo ambalo hakulifanya mwanzo. Ameagiza picha zirudiwe, mwenyewe akisimama karibu. Mtu asiniguse kichwa. Niiname kwa nguvu zangu, na umeme ukija niseme.

Rehema alipiga goti. Nikamwomba leo asiniite Mwalimu.

"Siwezi, Mwalimu."

"Basi niamuru hivyo hivyo."

Amevuta pumzi. "Kidevu kifuani, Mwalimu. Bado. Bado, hapo umesalimia tu." Kisha, kwa sauti nyembamba: "Wewe ndiye uliyekuwa unatuambia jibu nusu halina alama."

Nimecheka, nikainama. Umeme ulikuja, nikasema, akapiga.

Picha ilipotokea, hakuna aliyecheka tena. Pingili ya nne imeteleza mbele juu ya ya tano, kama droo iliyovutwa ikaachwa wazi. Kichwa kikirudi nyuma, inarudi mahali pake, mpole, kana kwamba haijafanya kitu. Kila nilipoinama asubuhi na jioni, ilikuwa ikizibana neva zinazoshuka mikononi na miguuni.

Nimevalishwa kola ngumu ya shingo. Mazoezi marufuku.

Jumatano, 9 Aprili

Dar es Salaam. Daktari bingwa wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Nimemshukuru kwa hilo. Ataziunga pingili mbili kwa bamba na skrubu. Shabaha ni kuzuia hasara isiendelee. Kilichokwisha kupotea mikononi, huenda kisirudi.

Nimemuuliza kama majuma yale ya mazoezi ndiyo yaliyoniharibu. Amesema haiwezekani kujua.

Hilo ndilo litakalokaa nami. Kosa ningelibeba. Bahati mbaya pia. Kutojua hakuna pa kushika.

Mama Neema amelala huku ameushika mkono wangu. Nimeona kwa macho kwamba ameushika.

Jumamosi, 12 Aprili

Rehema amempigia simu Mama Neema, analia. Sikutaka kuzungumza naye. Si kwa chuki. Sina la kumpa.

Jumapili, 27 Aprili

Penseli imefungwa kwenye vidole kwa mpira. Nachora herufi.

Upasuaji ni kesho kutwa. Tunaondoka leo mchana kwenda Dar es Salaam.

Rehema amekuja asubuhi na mchele wa Tindiga. Amepiga goti mlangoni. Kwa sababu ya kola sikumwona. Macho yangu hayashuki hadi huko. Nimesikia tu shikamoo ikitoka chini. Marahaba, nimesema, nikiutazama ukuta.

Mama Neema alikuwa jikoni. Shati langu lilikuwa wazi. Rehema ameinuka, akasogea karibu. Hakuomba ruhusa. Nimejaribu kuinama nione anachofanya.

"Tulia, Mwalimu. Usiinamishe kichwa."

Nimetulia. Amefunga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sikuvihisi. Alipomaliza amenigonga begani kidogo, kuniambia tayari.