Siro ya Sikitu

Jumatatu, 8 Februari 1965
Kinini imeisha! Pale dispensaire yetu, zahanati ya Butembo ninamofanya kazi, sanduku tupu. Tangu vita ya Basimba, wale waasi, kamyo ya dawa haijatoka Bukavu. Leo Aruna, dereva wa Beni, ameleta mutoto wake, mwili moto kama makaa. Nitamwambia nini? Nikachemusha maganda ya kinkina, ile miti ya kinini, ya shamba letu. Na ndimu, ili dawa itoke vizuri ndani ya maganda. Mutoto akatema. Nikatia asali na maji ya tunda la marakuja, ikawa siro, dawa tamu ya kunywa — akameza!

Alhamisi, 11 Februari
Homa imeshuka. Mama ya mutoto, Sikitu, bibi ya Aruna, anacheka huku analia. Aruna anasema kule Mabalako batoto banatetemeka kila nyumba, basi nipike mingi. Bwana yangu Muyisa ameshashika panga, ameenda kwa kinkina.

Jumanne, 23 Februari
Mashaka. Amefika mukubwa wa kampani ya dawa ya Bukavu. Si muzungu — Kasonia, mutoto wa hapa kwetu Lubero! Anasema kampani iko na brevet, karatasi ya haki: mutu mwingine hapana ruhusa ya kupika kinini. Na chupa zangu za kuokota zingali na jina lao.
"Kaka, na homa iko na brevet?"
Akaweka nakala ya karatasi mezani. Kisha: "Mama Kyakimwa, ukiendelea, ni tribunal, mbele ya hakimu."
Muyisa hakula. Mimi pia.

Jumatano, 3 Machi
Nimemuona Mathe, karani wa tribunal. Amesoma karatasi ile ya Kasonia polepole. Anasema brevet ni ya namna yao ya kupika na mashini, hapana ya muti wa kinkina wenyewe. Namna yangu ni yangu! Lakini jina la chupa ni lao, haki yao. Bon, tumeloweka chupa zote, tumebandua jina lao.
Jina jipya? Aruna: "Weka la bibi yangu, Sikitu! Homa — si kitu!"
Tumecheka mpaka machozi. Mathe anasema tuliandikishe, na namna ya kupika pia, mutu asituibie. Tumeandikisha leo leo.

Jumamosi, 20 Machi
Kasonia amerudi. Hapana na tribunal — na kontra, karatasi ya mapatano! Kampani inataka kununua jina na namna ya kupika, vyote. Muyisa ananinong'oneza tukubali, tupumzike. Lakini mimi nimesema hapana.
"Balete mashini hapa Butembo. Batoto betu bajifunze. Jina libaki letu."
"Mama, bakubwa batakataa."
"Umebauliza?"
Anatikisa kichwa. Hajabauliza.
Inje honi! Aruna anataka kufika Beni mbele ya mvua, na Mabalako banangojea. Nimemwambia Kasonia tutazungumza tukipakia siro. Naandika mbiombio, mukono ungali na asali. Kontra iko mezani, hakuna aliyetia saini. Kasonia amevua koti, ameinama, amebeba kasha la chupa. Anamuuliza Muyisa kama bakubwa ba Bukavu bakituma mashini moja tu, ya kuanzia, itaingia kwa mulango huu —