Njia ya Mbao Mbele ya Kibaraza

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada

Kwako kaka yangu Ferdinand,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kitwe, wewe na wifi yangu Ketrina na wale watoto wenu watundu. Sisi huku hatujambo, tunapumua na kugombana kama kawaida. Kahawa ya Igamba imechumwa yote. Shangazi Tabita anakusalimu sana, na anasema Krismasi ukimsahau tena atakuja mwenyewe kukuchapa. Goti linamuuma lakini mkono bado mzima.

Najua umeshashangaa, Fausta mwenye simu mbili anaandika barua! Usicheke. Nikiongea na wewe kwenye simu mama anasikia kila neno, hata nikijificha jikoni, na ya leo sitaki ayasikie. Nimempa Yesaya, yule dereva wa lori tunayesali naye, akuletee mkononi.

Kaka, umenisema sana mwezi huu. Eti ghorofa la hapa nyumbani limesimama kwa uvivu wangu, eti kibali cha kufunga barabara ya mbele ni kazi ya asubuhi moja. Haya, sikiliza ilivyokuwa, halafu unihukumu.

Tulianza vibaya, nakiri, na tulianza kama watu wote wa mji huu wanavyoanza. Fundi Alinanuswe aliniambia milunda, zile nguzo za miti za uzio, husimamishwa Ijumaa jioni, wakubwa wa halmashauri wakishafunga ofisi, ili Jumatatu wakute kazi imeshaiva na waone haya kuibomoa. Nami nikamkubalia, mjinga mimi. Tukachimbia milunda katikati ya njia ya waenda kwa miguu na kugongelea mabati mpaka kwenye mtaro. Jumatatu hawakuona haya hata kidogo. Walichora alama nyekundu kwenye kila bati, wakatuamuru tung'oe wenyewe, na wauza mchele wa jirani wakatushangilia kwa sababu tulikuwa tumewazibia wateja. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikaanza upya, kwa adabu. Mwenyekiti wa mtaa akaniandikia, majirani wakakubali baada ya kuombwa radhi, mchoro ukachorwa. Ikabaki saini ya mwenye kiwanja, naye, kama unavyojua, tangu baba afariki ni mama.

Mama akakataa.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilimwambia ni uzio wa muda tu, akasema hata kaburi huanza na shimo dogo. Nikamwambia vumbi litamdhuru, na kwamba wewe umeagiza aende Igamba kwa shangazi mpaka kazi iishe. Akaniuliza Igamba atamsikia nani, migomba? Akasema pale kibarazani ndipo pake, na atakayemzibia barabara amzike kabisa. Siku hiyo hakula. Mimi nikachukia, nikajisemea huyu mama ananikomoa, na usiku nikalia kwa hasira, kaka, si kwa huruma. Nilikuwa sijui.

Ofisi ikamtuma mhandisi aje kukagua. Nilitegemea mzee wa kitambi, kumbe ni binti mmoja mdogo anaitwa Erica, amevaa mabuti makubwa. Mama alisikia mabuti akamkaribisha, karibu baba, keti. Binti hakukasirika. Aliketi, akamuuliza mama kwa upole hasa anaogopa nini. Mama akamjibu kwamba haogopi milunda wala vumbi. Anachotaka ni watu waendelee kupita karibu naye. Yule binti akatoka kupima kwa futi yake. Aliporudi alisema kibali kitatoka kwa sharti kwamba tusifunge njia. Uzio ukae upande wa barabara, na kati ya uzio na kibaraza tutandike njia ya mbao juu ya mtaro, iezekwe kwa juu, wapita njia wasidondokewe na tofali. Mama akalirudia neno kwa furaha, mbao! Akaomba kalamu palepale.

Basi ikajengwa, na ni nzuri. Watu wote wa upande wetu sasa wanapita humo, hatua moja tu kutoka kwenye kiti cha mama, na mbao zinalia chini ya miguu yao. Wanamwamkia kwa Kinyiha, kwa Kinamwanga, Wazambia nao kwa lugha yao, na wengine yeye huwataja kwa majina kabla hawajafungua mdomo. Anakula. Anatania mafundi. Alinanuswe ameshafika kwenye linta, juu ya madirisha, kwa hiyo usinipigie tena kunifokea.

Sasa, kaka, tafuta mahali ukae.

Mama haoni. Nimeandika na kukata mara kadhaa, hakuna namna nyingine ya kulisema. Siku ya saini aliniomba nimshike kidole nikiweke penye mstari, nami nikafikiri amesahau miwani. Wiki iliyopita alipita mfanyabiashara mmoja wa Zambia na gunia begani, anakokota mguu kwa sababu ya mzigo. Mama aliruka kutoka kwenye kiti akamdaka mkono, akaita, Ferdi, mwanangu umekuja! Yule baba wa watu alishusha gunia, akasema mulishani bamayo, yaani hujambo mama kwa lugha yao, akasimama tu, akamwachia mkono wake mpaka mama mwenyewe alipogundua. Nilikuwa mlangoni. Sitasahau uso wa mama.

Ndipo akaniambia. Tangu masika anaona mwanga na kivuli, basi. Barabara anaijua kwa masikio, lakini malori ya mpakani yanameza kila kitu, na kwenye lami mguu hausikiki. Kwenye mbao unasikika. Wa kwako anaujua, ule wa kushoto ulioumia ulipoanguka kutoka juu ya banda la kahawa. Alikuwa anaogopa tukifunga njia utakuja upite upande wa pili, na yeye amekaa hapo hajui. Alinikataza nisikwambie, asije akaonekana anakuita kwa kujiliza. Nimemvunjia neno lake na sijutii.

Nimempeleka hospitali. Ni mtoto wa jicho, wanasema anaweza kufanyiwa upasuaji. Amekubali, ila anataka wewe ndiye umpeleke, na bandeji ikitolewa aanze na uso wako. Mimi anasema amenichoka.

Kibali chetu kinaisha mwisho wa mwezi ujao, na mbao tutazing'oa, ndiyo sharti. Njoo kabla. Usipige simu kwamba unakuja. Shuka mpakani, ingia kwenye ile njia, na kaka, nakusihi, usimwamkie wala usimwite. Tembea tu.

Msalimie wifi na wote hapo nyumbani. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Fausta