Treni Isiyokunywa Maji Yetu

Shoga, nimeumbuka mbele ya mji mzima.

Si unakumbuka nilivyopayuka kwenye mkutano? "Tuwanyime maji wenye treni ya watalii! Treni yao ya mvuke isipojaza tangi hapa haifiki popote. Watatujengea kibanda cha kuuzia vikapu, wapende wasipende!" Makofi yakapigwa. Shemeji yangu, mkuu wa stesheni, akatabasamu tu.

Leo tukafunga bomba. Treni ikaja inavutwa na injini ya dizeli.

Dizeli, shoga! Hainywi maji!

Haikusimama. Hata mwendo haikupunguza. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi.

Watalii wakatupungia mikono madirishani. Mama yangu, na vikapu vyake vya kuwauzia, akawapungia na yeye.

Treni imeshapotea, shoga. Mama bado anapunga.