Ndoo ya Mama Paskali

Sista,

Jana asubuhi nilisikia pikipiki yako. Nilikuwa uani nachambua maharage. Ikakata kona ya kanisani, ikapunguza mwendo penye lile shimo kama ulivyozoea, nami nikasimama, nikajifuta mikono nikupokee. Hakuna aliyefika. Najua pikipiki yako iko Nangara kwa masista wenzako, imefunikwa turubai tangu tulipokuzika. Lakini nilibaki nimesimama mpaka mke wangu akaniuliza, "Unamsubiri nani, Baba Yohana?"

Nikarudi kwenye maharage. Akaniletea chai, nayo ikanuka klorini. Hapa Nakwa hakuna aliyetia klorini kwenye maji tangu siku tulipokufukuza.

Kuhara kumerudi, Sista. Wiki iliyopita alikuja afisa afya, binti mpole, akaniamkia vizuri, akafungua kopo la dawa kisimani. Kina mama wakamzunguka. "Funga kopo lako uende. Hiyo ndiyo iliyomuua Paskali." Binti akanitazama mimi, kwa kuwa ndimi mwenyekiti wa kamati ya kisima. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Acha nieleze kwa utaratibu. Unayajua yote, lakini sijawahi kukuambia kwa mdomo wangu, na mwalimu hata akistaafu hawezi kuanzia katikati.

Kuhara kulipoingia mara ya kwanza, miaka ile, ulinikabidhi bomba la sindano lisilo na sindano, ukanifundisha. Kila ndoo inayotoka kisimani, kipimo kimoja cha dawa, kisha mtu asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Ulinichagua kwa sababu nusu ya watu wa Nakwa niliwafundisha kusoma. Ulisema, "Mimi wananiogopa, Mwalimu. Wewe wanakuheshimu." Hukujua kwamba heshima hiyo hiyo ndiyo ingeniponza.

Watu walilalamikia harufu. Wengine walisema ni dawa ya kuua kizazi, nawe ukacheka mpaka ukashika mbavu: "Mimi mtawa niwagawie dawa ya kuua kizazi? Askofu angenifukuza kabla yenu!" Walicheka nawe, wakaleta ndoo zao. Ulikuwa na namna hiyo.

Siku ya tatu alikuja Mama Paskali. Aliinama akaninong'oneza, "Mwalimu, ya kwangu usitie, nakuomba. Jana baba mkwe alimwaga chai mbele ya wageni kwa harufu yake." Alikuwa jirani yangu. Nilimfundisha yeye na mume wake. Nilichovya bomba tupu kwenye ndoo yake, ili waliokuwa nyuma waone kwamba nimetia.

Kesho yake pia. Na siku iliyofuata.

Paskali alikuwa na miaka minne. Alipoanza kuharisha ulimtundikia dripu kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria, ukakaa naye mpaka mwisho. Siwezi kuapa kwamba ni ile ndoo. Mtoto hula na kunywa sehemu nyingi. Lakini ulichota maji ya mtungi wao kwa chupa, ukaweka kidonge chako cha kupimia, na maji hayakugeuka waridi kama yageukavyo yaliyotiwa dawa. Ulinifuata nje.

"Ulitia, Mwalimu?"

"Nilitia, Sista."

Uliitazama chupa ile, kisha ukanitazama mimi. Ukasema, "Basi."

Ni neno hilo ninalolisikia. Nalisikia nikifungua mlango, nikikunja gazeti, padri akimaliza mahubiri. Hukulisema kwa hasira. Ungelisema kwa hasira, labda lingekwisha.

Baada ya maziko walisema dawa yako imemuua mtoto. Wakakurushia mawe, moja likavunja taa ya pikipiki. Ungeweza kutaja jina langu. Hukulitaja; ulihamishia kliniki yako Nangara, ukaendelea kuchanja watoto wa walewale waliokurushia mawe, walipoamua kukufuata kwa miguu. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, ukinawa mikono, uliniambia, "Ukiharibika wewe, Nakwa hawatamsikiliza mtu tena." Nikajifunika huruma yako kama blanketi, nikaitwa mzee wa busara. Siku ya maziko yako nilisoma wasifu. Nilisoma kwamba "aliondoka Nakwa kwa sababu za kikazi."

Leo nimekwenda kwa Mama Paskali. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilitegemea anipige, au alie. Aliendelea kupeta mahindi. Nilidhani hakunisikia.

Kisha akasema, "Ulidhani mimi sijui? Ni mimi niliyekuomba." Akapeta tena. "Nilimlaumu Sista kwa sababu alikuwa mgeni. Kama si yeye, ningemlaumu nani? Ningejiangalia vipi?"

Nikavaa kofia yangu, mimi niliyezoea kueleza kila kitu. Nilipogeuka kuondoka akaniita. "Mwalimu. Mtoto wa jirani yetu Anjela anaharisha tangu juzi. Utawaambia watu, au utaniambia mimi tu ili upate usingizi?"

Nikamwambia nitasema Jumapili, kanisani, baada ya matangazo.

"Nitakaa benchi la mbele," akasema. "Ukikaa chini kabla hujamaliza, nitasimama mimi."

Wajukuu zangu watakuwepo. Waliokuwa wanafunzi wangu watakuwepo, na wengine hawataniamkia tena. Naogopa, Sista. Ulisema nikiharibika hawatamsikiliza mtu, na labda ni kweli. Lakini wasiponisikiliza mimi, yupo yule binti afisa afya, na yeye hajamdanganya mtu.

Pumzika. Sikuombi unisamehe, ulishanisamehe mapema mno. Jumapili nitaanza na jina la mtoto, kisha langu, na nitaeleza polepole mpaka aliye nyuma kabisa aelewe.

Ni mimi,
Mwalimu wa Nakwa