Sauti ya Punda Wodini

Mwenzangu, tuko hospitali. Usipige, siwezi kuongea. Ni moyo wa mume wangu, ila wamemtuliza.

Unaujua uso wake, haucheki wala haununi, na ndio uliotulisha miaka yote ya vichekesho jukwaani. Na yule punda wa katuni anayemwigizia sauti, anayelalamika kila siku kwamba anakufa, ile ndiyo sauti ya mume wangu ya kawaida. Haigizi chochote!

Basi kafika mapokezi, kamwambia nesi, "Kifua kinabana, nadhani nakufa."

Nesi akacheka. AKACHEKA! Akaita wenzake, "Njooni, punda yuko hapa!"

Akarudia, "Dada, nakufa kweli." Hapo ndipo walipoangua kicheko kabisa. Daktari naye akatoa simu, akaomba arekodiwe salamu za kuwapelekea wanawe.

Na mume wangu akamrekodia! Jasho linamtiririka, yeye anasalimia watoto wa watu.

Mpaka akaanguka. Kaanguka chini kabisa, na bado kuna mtu alipiga makofi.

Nimechoka, jamani. Nimewafokea wote mpaka koo limekauka. Lakini kuna jambo sikuwaambia, na wewe usimwambie mtu. Asubuhi mezani aliniambia maneno hayohayo, na mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Sasa hivi kafumbua macho. Kaniambia kwa sauti ileile, "Wote walicheka, ila wewe ulicheka vizuri zaidi."

Sijui kama ananitania. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na bado sijui.